Kamba Nyekundu Dirishani

UJUMBE WA JUMAPILI
Somo: Yoshua 2:1–24 na Yoshua 6:1–25
Andiko la kukumbuka wiki hii: Waebrania 11:30–31



Sisi watu wa Jericho tunaupenda ukuta. Kesha ikifika saa nane usiku na watu wameanza kusinzia, mhubiri akisema tu, "Fungueni Yoshua sita," kanisa lote linaamka. Stori tunaijua. Siku sita, mara moja kila siku. Siku ya saba, mara saba. Baragumu, kelele, ukuta chini! Na jina la mtaa limetusaidia. Tunaishi Jericho, tumepakana na Jerusalem, mtu akitumwa sokoni anatembea Biblia nzima kwa miguu.

Lakini ebu angalieni, tunapohubiri ukuta huwa tunajiweka wapi? Huwa tunajiweka nje, pamoja na jeshi. Sisi ndio tunaozunguka, sisi ndio tunaopiga kelele. Leo naomba tuingie ndani ya mji. Ndani ya ule mji kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa na ahadi kutoka kwa watu wa Mungu, na alikuwa anangoja. Jina lake Rahabu. Nimemchagua kwa sababu wengi wetu tulioko hapa hatuko nje ya ukuta. Tuko ndani yake.

Umeombea kazi tangu umalize koleji. Umebeba ile bahasha ya kaki kutoka Industrial Area hadi Mombasa Road mpaka vyeti vimechanika kwenye mikunjo. Mwingine ameombea mtoto, na kila Disemba mkienda ushago mama mkwe hasemi kitu, anakuangalia tu tumbo. Mwingine anamwombea mzee wake aache pombe, na jioni akisikia hatua nje ya mlango anajua kabla haujafunguliwa leo amekuja vipi. Mwingine ana kijana aliyepotelea kwa mihadarati, na simu ya usiku ikilia moyo unaruka. Umefunga. Umekesha. Umeombewa na kila mgeni aliyesimama kwenye madhabahu hii. Na bado.

Nakuhubiria wewe leo.

AHADI ILIMKUTA AKIISHI UKUTANI

Yoshua 2:15 inatuambia jambo ambalo tunalipita haraka. Nyumba ya Rahabu ilijengwa kwenye ukuta wa mji. Aliishi mlemle ukutani. Ukuta ambao Israeli walitaka uanguke ndio ulioshikilia nyumba yake, kitanda chake na sufuria zake. Sasa wapelelezi wawili wamekuja kwake, amewaficha darini chini ya mabua ya kitani, ameyaweka maisha yake hatarini. Wanamwapia kwamba wataokoa nyumba yake. Ishara ni kamba nyekundu afunge dirishani. Halafu wanateremka kwa kamba, wanaondoka.

Hawakumwambia tarehe. Soma tena sura yote, hutapata siku wala saa. Hawakumwambia ni kwa njia gani. Hakuna aliyemwambia kwamba ukuta wenyewe ndio utaanguka. Wao wenyewe hawakujua. Rahabu alibaki na neno moja na kamba moja. Imani yake ilianzia hapo, kwa sababu mstari wa 21 unasema aliwaaga, wakaenda, akaifunga ile kamba dirishani. Hakungoja kwanza aone jeshi.

Jirani, mwambie aliye karibu nawe: kamba inafungwa kabla jeshi halijaonekana.

Halafu siku zikaanza kupita. Tuhesabu pamoja. Wapelelezi walijificha milimani siku tatu (2:22). Israeli wakavuka Yordani tarehe kumi ya mwezi wa kwanza (4:19). Wanaume wakatahiriwa, wakakaa kambini mpaka wapone (5:8). Tarehe kumi na nne wakala Pasaka (5:10). Ndipo baadaye wakaanza siku saba za kuzunguka. Ukijumlisha, si chini ya wiki mbili, na huenda zilikuwa zaidi. Malango yamefungwa, hakuna anayetoka wala kuingia (6:1). Majirani wanaongea kwa hofu. Na Rahabu kila asubuhi anaangalia dirisha.

Mnajua kitu gani kinaniuma kwenye hesabu hii? Kwamba kuna siku ambazo jeshi la Mungu lilikuwa limekaa tu kambini likiuguza vidonda. Kwa Rahabu zile zilikuwa siku tupu, siku ambazo hakuna kilichotokea. Lakini kule Gilgali Mungu alikuwa anawatayarisha watu atakaowatuma. Jibu lako linaweza kuwa bado halijafika kwa sababu kuna mtu mwingine ambaye Mungu hajamaliza naye.

SIKU SITA ZA KIMYA

Sasa ndiyo ile siku ya kwanza. Rahabu anachungulia, anaona jeshi! Moyo unadunda. Wanaume wenye silaha, makuhani saba na baragumu saba, sanduku la agano. Wanakuja. Wanapita chini ya dirisha lake. Wanauona uzi mwekundu. Na wanaendelea kutembea. Wanazunguka mji, wanarudi kambini kulala.

Jibu limefika mpaka chini ya dirisha, likarudi.

Siku ya pili hivyohivyo. Ya tatu. Ya nne. Na kumbuka Yoshua alikuwa amewaagiza watu wasiseme neno (6:10). Ni baragumu tu zinalia. Hakuna hata mmoja wa wale vijana wawili aliyeinua uso akamwambia, "Mama, vumilia, siku ya saba!" Walikatazwa kusema. Yeye huku juu hajui hesabu ya siku saba. Siku ya tano angeweza kusema, "Hawa wamenisahau. Au wameona uzi wangu wakaamua hawanitaki, kwa sababu ya kazi yangu." Biblia haifichi, alikuwa kahaba. Mtu mwenye historia kama hiyo ni rahisi sana kuamini kwamba ahadi imempita kwa sababu yeye ni yeye.

Wapendwa, hapo ndipo wengi wetu tumevunjika moyo. Kama Mungu angekuwa kimya kabisa labda tungezoea. Shida ni jibu linalokuja karibu halafu linarudi. Umeitwa interview, wakakwambia watapiga simu. Umeshika mimba, miezi mitatu ikatoka. Mzee ameokoka, ametembea vizuri kuanzia Pasaka mpaka Agosti, halafu Jumamosi moja amerudi amelewa. Mtu akikwambia "ngoja tu" baada ya hayo, unasikia kama anakutukana. Ninakuelewa, na Bwana anakuelewa kuliko mimi.

Lakini sikiza hili. Kule kuzunguka kwa siku ya kwanza hakukuwa kushindwa, na kwa siku ya nne vilevile. Ilikuwa kazi yenyewe inaendelea, ila ukiwa dirishani huwezi kutofautisha siku ya nne na siku ya sita. Ni aliyetoa amri tu anayejua iko siku ya ngapi.

ALIFANYA NINI AKINGOJA?

Saburi ya Rahabu ilikuwa na kazi tatu, na zote tunaweza kuzifanya hapa Jericho.

Ya kwanza, aliiacha kamba pale ilipo. Ile kamba ilikuwa hatari. Mtu wa mfalme angeuliza, "Hii ni ya nini?" Kila siku ilikuwa nafasi ya kuifungua na kusema, "Niache mambo haya." Kamba yako ni nini? Ni ile sala ya asubuhi kabla watoto hawajaamka. Ni kuja kwenye ushirika wa Jumatano hata kama huna ushuhuda. Ni kukataa ile kazi ya "kuongea na mtu" kwa kitu kidogo, kwa sababu ulisema utamngoja Bwana. Usiifungue kamba.

Ya pili, aliwakusanya watu wake. Soma 2:18 na 6:23. Baba, mama, ndugu, wote waliokuwa wake. Mnafikiri ilikuwa rahisi? Huyu ndiye binti ambaye huenda nyumbani waliona aibu kumtaja. Sasa anawaambia, "Njooni mkae kwangu, mji huu unaanguka." Wengine wetu tunapongoja tunajifungia. Tunasema, "Wacha jibu lije kwanza ndio nitawaambia watu habari za Mungu." Rahabu alileta watu ndani ya ahadi wakati yeye mwenyewe hajaona kitu. Nyumba ya kungojea ikawa nyumba ya kuokolea.

Ya tatu, alitulia ndani. Sharti lilikuwa wazi (2:19): atakayetoka mlangoni, damu yake ni juu yake mwenyewe. Kuna kutoka kwingi. Kuna dada aliyechoka kungoja mume wa kumcha Mungu, akaenda na mume wa mtu. Kuna kijana aliyechoka kungoja, akaweka karo ya mdogo wake kwenye betting. Mlango haukuwa umefungwa kwa kufuli. Rahabu alikaa kwa hiari.

RABAI ROAD

Nataka niwaletee mfano wa karibu. Kila siku tunapita Rabai Road. Matatu zinapita, mikokoteni inapita, na hatuulizi jina limetoka wapi. Rabai ni mahali kule pwani, karibu na Mombasa, katika Kaunti ya Kilifi. Na ni mahali pa watu waliongoja.

Mwaka 1844 mmisionari mmoja Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha CMS, alifika Mombasa na mkewe Rosine. Julai mwaka huohuo Rosine alijifungua mtoto wa kike. Homa ikamshika, akafa. Siku chache baadaye mtoto naye akafa. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf alikuwa hajapata hata mwongofu mmoja. Alikuwa na kaburi tu.

Mwaka 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanza kituo pale Rabai. Wa kwanza kubatizwa alikuwa mtu mlemavu aliyeitwa Mringe, mwaka 1851, akiwa karibu kufa. Miaka saba tangu kaburi la Rosine, mbatizwa mmoja, na huyo naye akaenda kwa Bwana. Afya ya Krapf ikaharibika, akaondoka mwaka 1853. Rebmann akabaki. Alikaa mpaka mwaka 1875, miaka 29, na alipoondoka alikuwa kipofu. Akafa mwaka uliofuata. Wakristo aliowaacha Rabai walikuwa wachache sana.

Mtu wa mahesabu angesema huo ni mradi uliofeli. Lakini miaka ya 1880 Rabai ilijaa watumwa waliotoroka mabwana zao, wakitafuta hifadhi pale misheni. Nyumba ya kungojea ikawa nyumba ya kuokolea. Kamusi ya Kiswahili ambayo Krapf aliihangaikia ilichapishwa mwaka 1882, na yeye alikufa mwaka 1881. Hakuishika mkononi. Leo wewe umeshika karatasi hii, unasoma Neno kwa Kiswahili, kwenye mtaa ulio kando ya barabara yenye jina la Rabai. Rosine hakuyaona haya. Waebrania 11:13 inasema wako watu waliokufa katika imani bila kupokea, ila waliziona ahadi kwa mbali wakazishangilia.

KUNGOJA SI KUACHA DAWA

Hapa nisemee kama mchungaji, na mnisikize vizuri.

Aprili 2023 nchi hii ilishtuka kwa habari za msitu wa Shakahola, kulekule Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, watu wazima na watoto, baada ya watu kufundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Kesi ilipelekwa kortini, na sisi hapa si mahakama. Lakini fundisho tunaweza kulihukumu kwa Neno. Mungu hajawahi kumwambia Rahabu aruke dirishani kuonyesha imani. Alimwambia akae ndani na watu wake wawe hai.

Kwa hiyo: kama unameza dawa za presha, za sukari, ARV, au dawa yoyote uliyopewa na daktari, endelea kumeza ukiomba. Maombi na dawa havigombani. Ukitaka kufunga na wewe ni mgonjwa, una mimba au unanyonyesha, kwanza uje tuongee. Mtoto asifungishwe. Na mtu akikwambia jibu lako limekwama kwa sababu hujatuma mbegu ya elfu tano kwa namba fulani, mwulize Rahabu alituma kwa namba gani. Sadaka tunamtolea Mungu kwa shukrani. Si kitu kidogo cha kuharakisha faili mbinguni.

Kungoja hakutuzuii kufanya kazi pia. Mnakumbuka misimu mitano ya mvua iliyofeli mfululizo, kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Februari 2023 taifa lote likaitwa kuombea mvua. Wakati tunaomba, watu walikuwa wanapeleka unga na maji kaskazini. Hakuna aliyesema, "Tukiwapa chakula tutakuwa tumekosa imani." Mvua ilipokuja haikufuata ratiba yetu, na kufikia Aprili na Mei 2024 ilikuwa nyingi mpaka majirani zetu wa Mathare wakafurikiwa. Tukarudi magotini tena, na tukabeba blanketi tena. Kijana, omba kazi, na Jumatatu uamke uende mjengo kama mjengo upo. Mama, mwombee mzee, lakini kama anakupiga, toka hapo na watoto, njoo kwa wazee wa kanisa, uende pia kwa polisi. Hiyo si kukosa saburi. Nyumba ya Rahabu ilikuwa mahali pa kuokoa watu.

NA JIBU LIKIWA HAPANA?

Siwezi kuwaahidi kwamba kila mmoja atapata kile alichoandika kwenye karatasi ya maombi. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe (2 Wakorintho 12:8–9). Aliyeombea wengine wakapona hakuondolewa wake. Alipewa neema ya kumtosha, na akaambiwa nguvu za Mungu zinakamilika kwenye udhaifu. Hilo pia ni jibu. Jibu gumu, lakini limetoka kwa Bwana mwenyewe, na Bwana akiongea nawe hujaachwa.

Hata Rahabu hakupata yote mara moja. Ukuta ulipoanguka, wale wapelelezi wawili walitumwa wamtoe yeye na jamaa yake, na kwanza wakawekwa nje ya kambi (6:23). Ameokoka, lakini yuko nje bado, na vumbi la mji wake linapaa nyuma yake. Baadaye ndipo tunasoma aliishi kati ya Israeli (6:25). Na ukifungua Mathayo 1:5, katika ukoo wa Yesu Kristo, jina lake liko pale. Alipokuwa anafunga kamba alitaka tu mama yake asife. Hakujua Mungu anaandika nini.

WITO

Siulizi leo kama umeona jeshi. Nauliza kama kamba bado iko dirishani. Kuna mtu aliifungua mwaka jana. Uliacha kuomba juu ya jambo lile kwa sababu kuomba kulikuwa kunauma kuliko kunyamaza. Hujamwambia yeyote, unaimba na sisi, unapiga makofi, lakini pale dirishani ni patupu. Bwana hajaja kukugombeza. Ifunge tena. Hata kwa mikono inayotetemeka, fundo ni fundo.

Na wewe ambaye hujampa Yesu maisha yako, nyumba ina nafasi. Rahabu hakuulizwa usafi wake kabla ya kuingia kwenye ahadi. Njoo ulivyo.

TUOMBE

Baba, wewe unajua iko siku ya ngapi, sisi hatujui. Tumechoka, na hatuoni aibu kukwambia. Tupe nguvu ya leo peke yake. Tulindie watu wetu ndani ya nyumba. Tusitoke mlangoni. Na ukipita chini ya dirisha letu bila kusema neno, tusaidie kuamini kwamba umeiona kamba. Kwa jina la Yesu. Amen.

KWA USHIRIKA WA JUMATANO

1. Ni jambo gani umeliombea kwa muda mrefu zaidi? Kama uko tayari, waambie wenzako, nao wasikupe mawaidha. Wakuombee tu.
2. Katika nyumba yako, nani bado hujamwita aingie ndani ya ahadi?
3. Someni Yoshua 6:8–14 kwa sauti, halafu mkae kimya dakika tatu mkijiweka mahali pa Rahabu. Mmesikia nini?
4. Je, kuna mtu katika kundi lenu anayengoja peke yake, mgonjwa au bila chakula? Kabla hamjafunga kwa maombi, amueni nani atamtembelea wiki hii, na atabeba nini.